Kadi za Kuazima

Mama yangu aliposikia kwamba Jumamosi zangu zinaishia kwenye karata, aliniita nikae chini. Sisi ni watu wa duka la vitambaa huku Nakivubo, Kampala. Wazee wetu walikuja kutoka pwani na biashara, na katika ukoo wetu walimu wa madrasa ni wengi kuliko wenye akili ya kuuza. "Hiyo ni kamari," akasema. Nikamweleza kuwa hakuna anayeweka hela mezani. Ni kadi zenye picha za majitu na wanyama wa ajabu. Kila mtu hutafuta zake, hubadilishana na wenzake, hupanga deki yake, yaani fungu lake la kuchezea, kisha wawili hukaa wakapambana, kama watu wanavyopambana kwenye bao. Na mimi siku hizi hata sichezi, nahukumu.

"Wanakulipa?"

"Hawanilipi, ni kujitolea tu."

Hapo ndipo alipokasirika kweli.

Tunakutana Ntinda, katika chumba kilicho juu ya duka la madaftari. Nafika mapema, napanga meza, halafu nashinda nikiamua ugomvi wa watu wazima wenye ndevu zao kuhusu maneno mawili yaliyoandikwa chini ya picha ya joka. Watu husema jaji anahitaji subira. Subira sina hata ya kuazima, ila nina sauti, na hadi leo imetosha.

Kuazima, hilo ndilo jambo letu. Kadi nzuri haziji Kampala kirahisi, mpaka mtu asafiri azilete. Kwa hiyo tuna desturi: mwenye nazo humwazima asiye nazo, wala haombwi mara mbili. Na katika kuazima hakuna aliyemfikia msusi mmoja, Mkenya mwenye saluni hapo hapo Ntinda. Alikuwa na simba wenye mabawa, kadi ambazo wengine tulikuwa tunaziona kwenye simu tu. Siku akitolewa mashindanoni mapema, au akiwa na bibi harusi wa kusuka, simba walibaki chumbani wakizunguka kwa wanaojifunza. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hao hao.

Mwaka huo mshindi wetu alikuwa aende Nairobi kutuwakilisha, na kikundi ndicho kingemsafirisha. Msusi aliitaka safari hiyo kuliko sote. Mama yake yuko Nairobi, na kila wakiongea kwenye simu alimuuliza lini ataacha michezo ya watoto. Hatimaye bibi yule alikubali kwamba binti yake akifika na kadi zake, atakuja ukumbini kuona ni kitu gani hicho. Msusi alitusimulia habari hiyo mpaka tukaichoka.

Akafika fainali. Mpinzani wake alikuwa polisi, mtu mpole tu akivua sare, nasi tunamwita Afande. Walikuwa ndio kwanza wanachanganya kadi waanze, nikamwona Afande ameinua mkono.

"Jaji, wewe kuja angaria hapa," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Nyuma ya kadi yake. Ingine iko safi, ingine iko na arama."

Lazima nieleze. Kadi zetu tunazivisha vifuko vya plastiki, vyote vya rangi moja, ili ukivuta usijue kinachokuja. Kifuko chenye alama kinamwambia mwenyewe kadi iliyo juu kabla hajaigusa. Alama zikiwa ovyo ovyo, mtu anaonywa, anabadilisha vifuko, maisha yanaendelea. Zikiwa kwenye kadi za nguvu peke yake, hapo tunazungumzia wizi, na mwizi wa kadi hafukuzwi siku moja tu, jina lake linaoza.

Nilichukua deki nikaenda nayo dirishani. Vifuko vilivyochakaa, vilivyopinda pembe na kuingia ukungu wa mafuta, nilivitenga upande mmoja. Nikavigeuza. Simba, simba, simba. Nikavikusanya, chumba kizima kinanitazama.

Utaratibu wetu ni kwamba mtu haulizwi mbele ya watu. Nilimtoa msusi nje, kwenye ngazi.

"Kwa nini simba tu ndio wamechakaa?"

Alivitazama vifuko, akanitazama mimi, macho yamemjaa. "Wee dada, unaniuliza mimi? Hizo kadi nani hajazishika hapa? Si hata wewe ulikuwa unazishika na rolex mkononi, mafuta yanachuruzika mpaka kwa meza?"

Rolex ni chapati iliyoviringishiwa mayai, na ni kweli, ndiyo chakula changu cha Jumamosi. Nikaelewa. Kadi zake nyingine zilikaa nyumbani kwenye boksi. Simba ndio waliokuwa wakitoka kwenda kwa watu, na vifuko vyao, na sisi ndio tuliowachafua.

Nilirudi ndani nikauliza kwa sauti, nani amewahi kuazima simba wa msusi. Mikono ikainuka meza hadi meza. Wa mwisho kuinuka, polepole, ulikuwa wa Afande.

"Banange, jamani," akasema. "Kumbe ni sisi."

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo kwa vicheko. Lakini sheria ni msumeno. Wizi haukuwapo, ila alama zilikuwapo, na zilikuwa kwenye kadi za nguvu; adhabu yake ni kupoteza mchezo wa kwanza kati ya mitatu. Nilimwambia hivyo, na iliniuma kama naikata nyama yangu mwenyewe. Hakubishana. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Mimi ni mwizi?"

"Si mwizi."

"Basi sema wasikie."

Nikasimama nikasema kwa sauti yangu yote, mpaka mwenye duka la madaftari akapanda kuuliza kuna nini. Mtu mmoja akatoa vifuko vipya, wengine wakasaidia kuvisha. Alishinda mchezo wa pili. Wa tatu ukamponyoka, kadi aliyoihitaji ikaja amekwisha shindwa. Alimpa Afande mkono, akaanza kukunja nywele za bandia za kusukia kwenye mfuko, maana alikuwa na mteja Bugolobi.

Afande alimfuata mlangoni, kofia mkononi. Aling'ang'ana na maneno mpaka nikamwonea huruma. Mwisho akasema, "Dada, Nairobi mimi iko enda na nini? Simba sina."

Nilitaka kumrushia kiti. Msusi aliweka mfuko chini. Kisha akatoa simba wake kwenye vifuko, kila mmoja, akamkabidhi watupu.

"Vifuko uweke vyako," akasema. "Na unawe mikono."

Afande hakushinda Nairobi, wala hakukaribia. Jumamosi iliyofuata alirudisha kadi zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa safi, akakaa karibu na msusi, akaniita na mimi nisikie. Alisema bibi mmoja mwenye leso mbili alikuja ukumbini akipita meza hadi meza, akiuliza zile kadi za binti yangu ziko wapi. Afande akasimama, akamwachia kiti, akampa simba. Bibi alizishika mpaka raundi ikaitwa, anazigeuza huku na huku, hazirudishi.

Sote tulimtazama msusi. Alikuwa ameinamisha kichwa, anahesabu simba wake kwa kidole, taratibu.

"Alinawa mikono?" akauliza.