Kabureta na Sevisi ya Kwanza

Msumeno wa petroli ulikuwa na siku ishirini na sita tangu utolewe kwenye boksi lake, na tayari ulikuwa umekufa. Kabureta aliuviringisha kwa shuka kuukuu, akaupakata mapajani kama mzazi aliyeleta mtoto mgonjwa, na kila mlango wa karakana ulipofunguka alinyanyuka nusu, akaketi tena.

"Tulia, baba," mkewe alimwambia. Alikuwa ameketi upande wa kulia wa mumewe. Kwa miaka sasa alikuwa akiketi upande huo, mezani, kwenye mabenchi, hata kitandani alilala huko, na hakuna kati yao aliyewahi kuuliza kwa nini.

"Nimetulia."

"Umetulia, na goti linashona kama cherehani?"

Kabureta aliliwekea goti mkono. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu saa moja asubuhi alitakiwa awe kwenye uzio wa shule, mbele ya miti kumi na moja mizee iliyooza moyo na kuinamia mapaa ya madarasa. Mwalimu mkuu alisema bila kuzunguka: wanafunzi wako likizo wiki hiyo moja tu, asiyeanza Jumatatu asije Jumanne. Mwaka mzima huo, hiyo ndiyo ilikuwa kazi kubwa ya kwanza kumfikia. Nyingine zote zilikwenda kwa wenye magari na kofia za rangi. Kama angeikosa hii, alijua nini kingefuata: angeitwa kukusanya matawi nyuma ya watu aliowafundisha kushika msumeno.

Na msumeno wa zamani hakuwa nao tena. Aliufungua vipande vipande, akavigawa kwa waliohitaji, siku ileile alipoleta huu nyumbani.

Jina la Kabureta hakupewa na mama yake. Alipewa na wakata miti wenzake, miaka mingi nyuma, kambini msituni, siku alipomnyang'anya fundi mmoja bisibisi na kuurekebisha msumeno uliowashinda watu watatu. Aliuwasha, akainamisha kichwa, akafumba macho, akazungusha skrubu ya kabureta, ile inayoipimia injini mafuta na hewa, unywele mmoja, unywele mwingine, mpaka sauti ikanyooka. "Umesikia?" aliwauliza. Hawakusikia kitu, ila walipouingiza kwenye gogo uliteremka kama kisu kwenye sabuni. Tangu hapo misumeno ya wilaya nzima ililetwa uani kwake. Hakuwa na kifaa cha kupimia, wala hakuwahi kukitaka. Viziba masikio aliviita pamba za waoga. Angewezaje kuvaa kitu kinachomtenganisha na msumeno wake?

Ndiyo maana siku ya kununua, fundi wa karakana ya wakala alipomwelekeza, Kabureta alikuwa akitabasamu kama mtu mzima anayefundishwa kula.

"Kwa matangi matano ya kwanza ya mafuta usiukamue sana," fundi alisema. "Kisha uulete, sevisi ya kwanza ni bure. Tunakaza nati, tunasafisha chujio, tunapima mizunguko ya injini na kurekebisha kabureta, maana mashine mpya hubadilika ikishazoea. Na hizi skrubu zina vifuniko. Usivitoe. Ukivitoa, waranti imekwisha."

"Sawa, binti," alijibu, na kadi ya sevisi akaitia mfuko wa shati pamoja na mbegu za maboga.

Matangi matano yalipita, kisha kumi. Hakuurudisha. Ila kuna kitu kilimkera tangu mwanzo: msumeno ule ulikuwa umelala. Haukuimba. Sauti yake ilikuwa nzito, butu, kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni. "Viwandani siku hizi wanaiziba kwa makusudi," alimwambia mkewe. Jioni moja aliketi uani, akavichokoa vile vifuniko kwa msumari, akaanza kuzungusha. Akapunguza mafuta, akasikiliza. Bado umelala. Akapunguza tena. Mkewe alitoka jikoni na unga mikononi, akasema jambo, akarudi na kufunga dirisha. Baada ya siku nne, katikati ya gogo, msumeno ulikohoa mara moja na kukakamaa.

"Msumeno wa kwenye shuka!" fundi aliita kutoka kaunta.

"Twende," mkewe alimgusa bega. "Tunaitwa."

Fundi alikuwa yule yule wa siku ya kununua, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya viatu, kucha zake nyeusi kwa oili kama za Kabureta mwenyewe. Aliipokea kadi ya sevisi bila kuuliza maswali mengi. Aliutoa msumeno kwenye shuka, akavuta kamba ya kuwashia, ikagoma. Akafungua ekzosi kwa nati mbili, akamulika ndani kwa tochi ndogo.

"Njoo uone, mzee."

Kabureta aliinama. Pembeni mwa pistoni, pale panapotakiwa kung'aa kama kijiko, palikuwa na michubuko ya wima, mirefu, kama ukuta uliokwaruzwa na paka.

"Imeungua," fundi alisema. "Mafuta kidogo, hewa nyingi. Oili ya kulainisha inakuja na petroli. Petroli ikipungua, chuma kinasagana na chuma. Nani alifungua vifuniko vya skrubu?"

"Petroli ya siku hizi," Kabureta alisema. "Wanachanganya na maji."

"Sijauliza petroli."

"Ameuliza nani alifungua vifuniko," mkewe alirudia kwa taratibu, karibu na sikio la kulia.

Kabureta alijinyoosha. "Mimi. Nimefungua mimi, na nilikuwa na haki. Mmeniuzia msumeno uliolala. Binti, mimi nilikuwa nairekebisha misumeno kabla wewe hujaacha kunyonya. Kosa ni la kiwanda."

"Mzee, mimi siwezi kuandika kosa la kiwanda hapa. Silinda na pistoni mpya zinaagizwa, wiki tatu. Na waranti haipo."

"Wiki tatu!" Aliishika kaunta kwa mikono miwili. "Jumatatu nina miti kumi na moja. Unaelewa? Niazime mwingine. Nitamwacha mke wangu hapa rehani."

"Rehani nani?" mkewe aliuliza. "Mimi nikibaki hapa nani atakusomea maandishi ya kwenye boksi?"

Fundi alicheka kidogo, Kabureta hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na mishipa ya shingo ilisimama.

"Nipime," alisema. "Hapo nyuma mna misumeno. Nipe wowote, uuharibie kabureta unavyotaka. Nitaurekebisha kwa sikio, wewe shika hicho kidude chako cha kuhesabu. Nikikosea, nitaondoka na mzoga wangu kimya kimya. Nikipatia, utaandika kwenye kadi kwamba kosa ni la kiwanda na utanipa mpya leo hii. Umekubali?"

"Baba," mkewe alisema.

"Nimemuuliza yeye."

Labda fundi alikuwa na baba wa aina hiyo. "Kuandika vile siahidi," alisema. "Kupima, tutapima."

Nyuma ya karakana kulikuwa na uwanja wa saruji, meza ya mbao na msumeno mzee wa mazoezi, mali ya karakana. Fundi aliuchezea skrubu, akavaa viziba masikio vyake, akamwonyesha Kabureta kifaa chenye kioo kidogo cha namba. "Huu ukiwa sawasawa, mafuta hadi mwisho, unasoma mizunguko elfu kumi na mbili na mia tano kwa dakika. Ukipita elfu kumi na tatu unaanza kujiua."

Kabureta hakutazama kioo. Alipokea bisibisi, akauwasha msumeno kwa mvuto mmoja, na hapo, kwa muda mfupi, alikuwa yule yule wa kambini: miguu imeachana, kichwa kimeinama, macho yamefumbwa. Vidole vyake havikutetemeka. Alibana akseleta, akazungusha skrubu unywele mmoja. Msumeno ulipanda. Kwake bado ulikuwa chini, bado una blanketi mdomoni. Unywele mwingine. Nipe sauti yako, aliuambia moyoni, nipe ile sauti nyembamba ya juu, naijua, nimeishi nayo. Unywele mwingine. Aliitafuta sauti ile kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba chake mwenyewe, mahali ilipokuwa kila siku, na ukuta uko mtupu.

Mkewe alikuwa ameziba masikio kwa viganja, uso umekunjamana. Mtu aliyekuwa akipita nje ya geti alisimama na kuinua bega hadi sikioni.

"Inatosha!" fundi alipiga kelele.

Kabureta akazungusha tena.

"Mzee, inatosha! Acha!"

Fundi alikuwa hatua moja tu kutoka kwake. Alipoona hageuki, fundi alinyoosha mkono, akabonyeza swichi. Msumeno ukafa, na Kabureta akafumbua macho kwa hasira.

"Mbona umezima? Nilikuwa bado nautafuta."

Fundi alimgeuzia kioo. Elfu kumi na tano na mia nane.

"Hicho kidude kimeharibika," Kabureta alisema. Kisha alimtazama mkewe, aliyekuwa bado na viganja masikioni, na machozi ya kelele ile kwenye kope.

"Ulikuwa unapiga kelele hivyo?" aliuliza polepole. "Huu?"

"Ulikuwa unalia kama nguruwe anayechinjwa," mkewe alisema.

"Na ule wa nyumbani? Siku ile uani?"

"Ule ulikuwa mbaya zaidi. Nilikuja nikakwambia, baba, huo mlio unakata meno. Hukunijibu. Nikafunga dirisha."

"Sikukusikia."

"Najua."

"Tangu lini unajua?"

Mkewe aliteremsha mikono. "Tangu uache kusikia simu. Tangu uniambie ndege wamehama mtaani. Ndege hawajahama, mume wangu. Nilitaka kusema. Lakini watu wote hawa wanakuja uani kwa ajili ya sikio lako, ningesemaje?"

Kabureta aliweka bisibisi mezani, kwa uangalifu, ikaviringika na kuanguka sakafuni. Aliitazama ikianguka na kutua. Hakusikia ikigonga saruji. Alikaa kwenye tofali lililokuwa pale, akajishika kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mkewe alisimama upande wa kulia, akamwekea mkono mgongoni, wala hakumwambia anyamaze.

Fundi alichuchumaa mbele yake ili midomo yake ionekane. Alisema taratibu, neno kwa neno. "Mzee, sauti za juu ndizo zinaondoka kwanza. Kelele za msumeno ndizo zinazoziondoa. Ukishazipoteza, kila mashine itakuwa imelala. Haijalala. Ni wewe usiyeisikia."

"Jumatatu," Kabureta alisema.

"Jumatatu siwezi kukusaidia."

Alitikisa kichwa. Si hilo alilokuwa akiliwaza tena. Aliinua uso, na ulikuwa uso wa mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

"Mbavu," alisema. "Jumatano. Nilimrekebishia Mbavu msumeno."

Mkewe alielewa kabla hajamaliza. Mbavu alikuwa mkata miti wa ng'ambo ya mto, aliyefunzwa na Kabureta tangu hajaota ndevu. Msumeno wake ulikuwa mpya vilevile, wa karakana hii hii, na wiki hii alikuwa akipasua magogo ya daraja. Mke alitoa simu kwenye mkoba, akapiga, akaiweka sikioni mwake mwenyewe.

"Mbavu, mwanangu, ni mimi. Zima msumeno. Ndiyo, sasa hivi. Baba yako anasema ameukosea." Alisikiliza. "Anacheka," alimwambia Kabureta. "Anasema mzee anatania. Anasema haujawahi kuwa mwepesi hivyo, unaimba, tangu jana hajaupumzisha."

Kabureta alimpokonya simu, akaikandamiza sikioni kana kwamba kwa nguvu ingepenya.

"Mbavu! Sikiliza. Mimi sisikii unachosema, usinijibu. Mimi ni kiziwi. Kiziwi, mwanangu! Nimekuunguzia mashine. Uzime, usiuwashe tena, uulete karakana uliponunua, kuna fundi hapa, mwanamke, atakupimia kwa kifaa. Na Jumatatu uende shuleni. Ile miti kumi na moja ni yako. Mwambie mwalimu mkuu nimesema mimi."

Alimrudishia mkewe simu, akamtazama mdomo.

"Anasemaje?"

Mkewe alisikiliza kwa muda mrefu. "Hasemi. Amezima msumeno. Nasikia maji ya mto tu."

Fundi alichukua kalamu mfukoni mwake, na ile kadi ya sevisi aliyoipokea kaunta akaigeuza upande usioandikwa. "Kuna wengine uliowarekebishia?" aliuliza, akionyesha kwa mkono ili aelewe.

Kabureta alifumba macho. Kuna yule wa kiwanda cha mbao. Ndugu wawili wa bondeni, misumeno miwili, na mmoja wao hujifunga kileleni mwa mti kwa kamba, msumeno ukikakamaa huko juu atafanyaje? Kuna mjane anayepasua kuni. Kuna mtu wa zimamoto. Alihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto vikaisha, akahamia wa kulia, akarudi tena wa kushoto, na kila jina lilipotoka sauti yake ilipanda, mpaka mwishoni alikuwa akipiga kelele kwenye uwanja ule wa saruji bila kujua.

"Polepole, baba," mkewe alisema, simu mkononi, akitafuta namba ya yule wa kilele. "Mmoja mmoja. Nipe mmoja mmoja."