Kama Hujasoma, Sisogezi Mtungi

Juzi nilirudi Burat, mtaa nilikokulia, kumwona mama, na pale bomba letu la maji lilipokuwa nikakuta tangi kubwa jeusi na kibanda cha mabati. Hakuna foleni. Mtu anakuja na boda, anajaza mtungi, anaenda zake. Nilizubaa hapo mpaka muuzaji akaniuliza kama nataka maji. Ningemwambia nini? Kwamba natafuta mahali nilipozoea kusoma Biblia?

Nyanya yangu alibatizwa uzeeni, baada ya kuchunga mbuzi karibu maisha yake yote, na siku hiyo kanisa likampa Biblia. Hakujua kusoma hata herufi moja. Aliifunga kwenye leso na kuiweka juu ya sanduku lake la nguo, na mgeni akija aliifungua, akamwonyesha, akaifunga tena. Kisha masikio yakaanza kumtupa. La kushoto lilienda kwanza, halafu la kulia nalo likataka watu wapaze sauti. Daktari akasema ni uzee. Jioni hiyo nyanya alifungua leso, akaniwekea kitabu mikononi.

"Soma yote," akasema. "Nataka nisikie mpaka mwisho kabla hii masikio haijafunga."

Nilikuwa darasa la sita, na uvivu wangu ulijulikana mtaa mzima. Siku za kwanza nilisoma kwa mbwembwe. Baadaye kukawa na kuruka kamba, kukawa na kazi ya mwalimu, kukawa na usingizi. Nyanya hakunigombeza. Kila jioni alikaa mlangoni, kitabu mapajani, akiangalia njia niliyopitia kwenda kucheza. Hiyo iliniuma kuliko fimbo, na bado sikusoma.

Aliyeniokoa ni binti wa jirani, Mborana, rika langu. Tuligawana kila kitu, kuanzia mikate laini ya anjera ya mama yake na maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, mpaka chawa. Yeye aliamshwa na adhana akaenda madrasa kabla ya shule. Mimi niliamshwa na tarumbeta ya kambi ya jeshi, nikajifunika tena. Jioni moja, tukiwa bombani, aliniuliza nyanya anangoja nini pale mlangoni kila siku. Nikamweleza. Akaniangalia kama anayemtazama mtu aliyesahau mtoto barabarani.

"Na wewe uko hapa unacheza? Sisi madrasa ukikosa, maalim anakuuliza mbele ya watu. Wewe nani anakuuliza?"

"Hakuna."

"Haya. Mimi nitakuuliza."

Wakati huo watu hawakusimama kwenye foleni ya maji. Mitungi ndiyo ilisimama. Sisi tulikaa kivulini kando ya duka, na kila mtungi ukijaa, unainuka kusogeza wako. Usiposogeza, unapitwa. Kuanzia siku hiyo nilikuja na nyanya na kigoda chake, nikamsomea kivulini, na binti wa jirani akasogeza mitungi yetu yote miwili. Sharti lake lilikuwa moja: "Kama hujasoma, sisogezi mtungi." Hakuwa na mchezo. Siku moja nilijifanya naumwa kichwa, na foleni nzima ikanipita. Mapokezi niliyopewa na mama niliporudi bila maji siwezi kuyaandika hapa.

Kusomea mtu asiyesikia vizuri ni kazi ya mapafu. Koo liliponikauka, binti wa katekista, mwalimu wa dini kanisani kwetu, alijiunga nasi, tukawa tunapokezana. Akina mama nao wakaanza kutusogelea, Waturkana, Wameru, Waborana. Tulipofika kwa Yusufu na ndugu zake, mama yake rafiki yangu alidakia kwamba huyo hata wao Waislamu wanamjua vizuri, na akatuambia yatakayofuata kabla hatujafungua ukurasa. Tukamwomba kwa heshima asituharibie.

Ila yale majina! Fulani alimzaa fulani, naye akamzaa fulani. Binti wa katekista, mwenye uzoefu wa mambo ya kanisa, alinong'ona kwamba watu wote huruka hapo. Tukaruka. Hatukukumbuka tunamsomea nani: mwanamke aliyekulia kwenye boma, ambaye akikutana na mgeni humuuliza baba, babu na ukoo kabla ya kumpa maji.

"Ngoja," nyanya akasema. "Huyo umetaja sasa, baba yake nani? Ama alitoka kwa mti?"

Tukarudi nyuma, jina kwa jina, huku yeye akiitikia kila mmoja kama anayewakaribisha nyumbani. Sijawahi kuona mtu akifurahia hivyo kurasa ambazo wengine wanazikimbia. Lakini tulienda polepole, na masikio hayakutungoja. Niliogopa. Nikamwambia turuke tufike mwisho haraka, asije akaukosa.

"Hata mbuzi huwezi hesabu ukiruka," akajibu.

Basi tukaendelea. Mvua zikaja, zikaenda. Halafu jioni moja, kwenye orodha nyingine ndefu, ulimi uliteleza nikamruka mtu, nikasubiri aniulize baba yake. Hakuuliza. Nilitazama uso wake: ulikuwa umetulia, unaangalia midomo yangu. Nikalia hapo hapo mbele ya watu. Binti wa jirani aliacha mitungi, akaja, akauchukua mkono wa nyanya na kuuweka mgongoni pangu.

"Soma," akaniambia. "Atasikia na mkono."

Tulisoma hivyo mpaka mwisho, kiganja chake kikavu kikiwa mgongoni pangu. Nilipofika neno la mwisho nilinyamaza, nikidhani ametosheka. Akanigonga kidogo kwa vidole.

"Mbona umesimama?"

Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaanza tena.

Nyanya alitutoka zamani. Bomba halipo, kigoda sijui kilienda wapi, na sisi watatu kila mmoja ana mji wake. Nawakumbuka kwa mapenzi mengi, na ninaukumbuka ule mkono. Bado nasoma kwa sauti ya juu, mpaka mume wangu huuliza ninagombana na nani. Na kila asubuhi, baada ya swala yake ya alfajiri, rafiki yangu hunitumia ujumbe kwenye simu: "Umesoma? Nisogeze mtungi?"

Namjibu kwamba nimesoma, na majina yote nimeyataja.