Maji ya Kumwogeshea Mtoto

Jana mafundi walichimba mtaro wa bomba nyuma ya nyumba yangu, na harufu ya mchanga mbichi ikaingia dirishani. Ikanirudisha utotoni, kijijini kwetu Ringwani, kwenye mto uliokauka, ambako akina mama walifukua mchanga na kusubiri maji yajikusanye polepole.

Asubuhi moja mama alishikwa na uchungu wa kujifungua. Bibi akanipa ndoo. "Kimbia, mjukuu wangu. Mtoto asije akakuta nyumba haina maji."

Nilikuta foleni ndefu. Zamu ilikuwa ya jirani yetu, aliyekuwa hasemi na mama tangu ng'ombe wetu walipokula mahindi yake.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia huku nikifuta machozi.

Hakuitikia. Akauliza, "Unalilia nini?"

"Mama anajifungua, na nyumbani hakuna maji."

Aliinama, akachota kwa kibuyu taratibu asitibue matope, akijaza ndoo yangu huku yake ikiwa tupu pembeni. Nilipotaka kujitwisha, akaitazama shingo yangu nyembamba, akajitwisha mwenyewe. Nikawa namfuata mbio, matone ya baridi yakinirukia usoni.

Tulipofika uani tukasikia mtoto analia. Jirani akabandika maji jikoni, yakapata uvuguvugu, akaingia nayo ndani. Mama alipomwona alishtuka, akajaribu kuinuka.

"Lala," jirani akamwambia, huku akipima joto la maji kwa kiwiko. "Huyu namwogesha mimi."

Mama akageukia ukutani, akalia kimyakimya, kisha akamkabidhi jirani mtoto.