Jina la Ngalula Nililolificha

Mwanangu, kosa langu la kwanza kama baba nililifanya kwa kalamu nzuri na mwandiko mzuri. Ulikuwa na siku tisa. Nilikwenda ofisi ya vizazi ya komini hapa Manika nikakuandikisha kwa jina la marehemu mama wa jirani yetu, na sikuwa nimemwomba mtu yeyote jina hilo. Niliiba. Natumia neno hilo kwa sababu nimejaribu mengine yote na hakuna linalotosha.

Juzi ulirudi kutoka shule umenuna. Wenzako wanaitwa Sandra na Nadège, na mwalimu akiita Ngalula darasa zima linacheka, eti bibi kizee ameingia. Ukaniuliza kama tunaweza kukuandika upya. Nikakukaripia kwa sauti usiyostahili, ukalia. Hasira ile haikuwa yako. Kaa nikueleze ni ya nani.

Najua nasaha hutolewa na wenye mvi, nami nina miaka thelathini na moja. Lakini bibi yako, ambaye angekueleza haya vizuri zaidi, hayupo. Utayasoma sasa, na utayasoma tena siku ukiwa na mtoto mikononi.

Ulipozaliwa nilikuwa karani mdogo wa stoo kwenye kampuni ya mgodi. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Mengine nilijifunza peke yangu, kwa kamusi ya Kifaransa isiyo na jalada. Mtu aliyejifunza hivyo huogopa sana kukosea. Nilipiga mstari kwa rula chini ya kila jina. Nikikosea herufi moja nilianza ukurasa upya. Nilidhani hata maisha huokolewa hivyo, kwa karatasi isiyo na doa.

Tulikaa Kapata, katika nyumba za kampuni. Babu yako alipewa nyumba ile alipoletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, na mimi nilizaliwa humo. Kasai yenyewe sikuwa nimeiona hata siku moja. Mwaka ule mashine zilisimama moja baada ya nyingine, unga wa kampuni ukakatika, dispensari ikabaki na vitanda visivyo na magodoro. Wakubwa waliopaswa kutuambia shaba yote imekwenda wapi wakapanda kwenye vipaza sauti kusema kwamba kosa ni la watu wa Kasai, na kwamba turudishwe kwetu. Walituita bilulu, yaani wadudu. Watu wazima, wenye suti, waliyasema hayo mchana, mbele ya watoto. Kisha vijana wakaanza kuyaimba. Nyimbo zile nazikumbuka hata leo, na sitaki kuzisahau.

Sasa sikiliza habari ya jina. Kwetu, jina la binti wa kwanza halitafutwi. Mama yangu aliitwa Ngalula, kwa jina la bibi yake, na binti yangu wa kwanza alipaswa kuwa Ngalula. Mtoto anayepewa jina lako ni majina yako: yeye na wewe mnakuwa mtu mmoja. Mimi ningekuita mama, na nisingethubutu kukutukana, kwa kuwa ningekuwa nimemtukana aliyenizaa. Bibi yako alikuwa amekwisha kutoa kitenge chake cha harusi, amekifua, amekianika, anangoja tu kukufunga.

"Majina yangu alifika," alisema alipokushika.

"Mama, tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Mutoto alisha kufika."

Nikamweleza kwamba Ngalula ni jina la Kasai tupu, na kijana yeyote barabarani akilisikia atajua sisi ni nani. Nikaongeza, na hili linaniuma kuliko yote, kwamba ni jina lililopitwa na wakati, la vikongwe. Nilisema hivyo kufunika woga wangu. Mama aliniangalia, akakikunja kitenge, akakirudisha sandukuni. Juzi uliposema "bibi kizee" nilisikia maneno yangu mwenyewe, ndiyo sababu nilipiga kelele.

Nyumba ya pili alikaa Mama Elisa, mjane kutoka Katanga ya kaskazini, aliyeuza makala, yaani mkaa wa kupikia, yaliyokuja kwa treni kutoka Mutshatsha. Marehemu mama yake aliitwa Numbi. Ni jina la kwao, hakuna anayelishuku. Niliandika orodha ya majina kumi na moja, nikayakata mengine yote kwa rula, likabaki hilo. Kule komini karani aliniuliza mara moja tu, nami nikamjibu bila kupepesa macho. Nilirudi nyumbani nina furaha, sikufichi. Niliona nimefikiria kila kitu.

Nikamwamuru mama yako akuite Numbi mbele za watu. Wiki haikuisha kabla Mama Elisa hajalisikia bombani. Alikuja moja kwa moja, mikono myeusi kwa makala.

"Tata, ile jina ulitoa wapi?"

Nikasema ni jina zuri.

"Mi najua ni muzuri. Ni ya mama yangu! Nani alikupatia?"

Sijui nilifikiri nini, nikamwonyesha cheti. Nikasema nimefanya vile ili kumlinda mtoto. Alicheka kwa nguvu hadi majirani wakachungulia.

"Karatasi! Bale batoto ba mu barabara, banajua kusoma?" Kisha kicheko kikamwisha. "Ungeniomba, ningekupatia. Ningekuja na kitenge ya mama, ningemubeba mutoto, ningelia kidogo, tungekunywa chai. Sasa mama yangu anaingia mu nyumba yako sawa kitu ya kuiba. Na mama yako, angalia, iko pale ku mulango, hana majina. Woga yako inamaliza bamama babili siku moja."

Mama alikuwa mlangoni kweli. Alikuwa akichambua maharagwe na hakuinua kichwa.

Niliahidi kurekebisha. Mtu mwingine angekwenda Manika siku ileile na kusema, nimekosa, andikeni Ngalula. Mimi nilitaka kwanza barua ya ombi iliyo safi. Niliiandika mara nne. Kabla sijaanza ya tano, walikuja.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Vijana kama ishirini, na fimbo na mipini ya majembe. Mbele yao alikuwa Pitshou, wa barabara ya tatu. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimemwandikia barua ya kuomba kazi, nikairudia mara tatu isiwe na kosa.

"Karani, toka," alisema. "Treni iko inakungojea."

Nikakimbilia cheti. Nikamwekea mbele ya macho, nikamwambia mtoto huyu ni wa hapa, soma. Akasoma polepole, akifuata kwa kidole.

"Numbi." Akawageukia wenzake. "Ile ni jina ya kwetu. Basi mutoto ni wa kwetu. Mutoto atabakia, nyinyi muende kwenu."

Nilidhani anatania. Lakini mmoja wao alikwisha kushika blanketi lako, na mama yako anavuta upande wake, na wewe unalia katikati. Karatasi niliyoitengeneza bila doa ilikuwa inakutoa mikononi mwetu.

"Mama Elisa!" Pitshou aliita. "Huyu ni mutoto wa kwenu?"

Alikuwa amesimama kwenye uwanja wake. Neno moja tu, ndiyo, na ungebaki kwake, ungeshiba, ungelala pakavu, na sisi tungepanda treni bila wewe. Akisema hapana, ningekuwa mwongo mbele ya mipini ile. Alinitazama mimi, si wao.

"Muulize baba yake," alisema. "Yeye ndiyo anajua jina."

Nikasema. Nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Haitwi Numbi. Anaitwa Ngalula. Jina la mama yangu, huyu hapa."

Wakaangua kicheko. "Bilulu kidogo!" mmoja akaimba. Pitshou alikichana cheti, akanipiga kofi nikaanguka juu ya maharagwe aliyokuwa akichambua mama. Lakini blanketi waliliachia. Ndivyo nilivyokurudisha, mwanangu, kwa jina lilelile nililokuwa nimelificha. Tulitoka na sufuria moja na mkeka. Bibi yako alichukua kitenge tu.

Kwenye stesheni watu walikuwa wamejaa hadi katikati ya reli, wanangoja treni ambazo hazikuja. Siku ile ya kwanza, kabla hata hatujapata mahali pa kutandika mkeka, mama alikunjua kitenge, akakuinua mbele ya watu asiowajua na kukuita mara tatu. Kila mara alijiitikia mwenyewe. Kisha akakufunga mgongoni na hakukushusha ila kwa kunyonya.

Siku ya tatu Mama Elisa alifika. Alipita katikati ya vijana wale wale, ambao sasa walilinda njia ya stesheni, mfuko wa makala kichwani, na juu ya mfuko kitenge cha zamani kilichopauka.

"Nilikuja kuleta jina," alisema. "Sasa ninamupatia. Ya kwanza Ngalula, ya pili Numbi. Na wewe karani, uandike muzuri, si unajua sana kuandika?"

Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ulipozaliwa. Wale wanawake wawili walikushika pamoja, na Mama Elisa akalia kidogo, kama alivyosema angelia.

Wiki ya nne mama aliugua tumbo. Hapakuwa na dawa, hapakuwa na maji safi. Alikufa umelala kifuani pake. Tulimzika karibu na reli, na nilipokwenda kupatafuta baada ya miaka mitano, tuliporudi huku kutoka Kasai, palikuwa pamelimwa mihogo.

Watu wa hapa Manika huniambia mambo yale yamepita. Yamepita kwa nani? Wale wa vipaza sauti wapo, wamenenepa. Mwaka jana Pitshou alinikuta sokoni akaniita "Karani!" kwa furaha, kama rafiki, akataka nimwandikie barua nyingine. Nilimwambia hapana, nikaondoka. Sijamsamehe, na sitakudanganya kwamba nimemsamehe. Lakini mimi mwenyewe nilimtangulia. Kabla hajatutoa nyumbani, nilikuwa nimekwisha kumtoa mama yangu.

Kwa hiyo nakuambia wazi. Ukizaa binti, usichague jina lake kwa kuangalia nani atacheka au nani atachukia. Uliza kwanza ni mzee gani anangoja, na umuulize akiwa hai. Ukilipenda jina la watu wengine, nenda mlangoni kwao ukaliombe. Wakikupa ni lako kabisa. Na ukikosea, rekebisha siku hiyohiyo, kwa maneno mabaya, kwa mwandiko mbaya, lakini siku hiyohiyo. Darasani wakikucheka, itika kwa sauti.

Mungu akupe miaka mingi kuliko aliyokuwa nayo bibi yako. Akupe jirani kama Mama Elisa. Na siku moja akuletee mtoto atakayesimama mbele yako na kuitika Ngalula, nawe uwe na nguvu bado za kumbeba.

Zamani mtu akiniuliza mtoto wangu anaitwa nani, nilimtazama kwanza uso wake nijue anatoka wapi. Siku hizi najibu kabla hajamaliza kuuliza.