Nyumba Isiyo na Dalili

Asubuhi za uchochoro ule zimepwaya. Hakuna tena mlio wa shuka zikikung'utwa, pa! pa!, mlio ambao fundi cherehani wa nyumba ya ng'ambo aliufanya saa yake ya kuamkia. Kamba bado imefungwa ukutani, haina kitu.

Mwenye shuka hizo walimwita Mama Shuka. Ujana wake uliishia hotelini, akitandika vitanda vya watu. Kazi ile ilimfunza jambo moja likamwingia hadi kwenye mifupa: mgeni akifungua mlango, asikute dalili kwamba kuna mtu aliwahi kupumua mle. Unywele mmoja kwenye sinki ulitosha kumfukuzisha mtu kazi.

Alipostaafu, mumewe akiwa ameshatangulia mbele ya haki, alianza kupokea wageni wa siku mbili tatu katika nyumba waliyoijenga kwa kujinyima. Nyumba ikamlisha. Wageni walipewa vyumba vyote. Yeye alijibanza stoo, nyuma ya jiko, kwenye godoro alilolikunja kabla hawajaamka.

Kisha manispaa ikaleta sheria ya leseni. Matajiri walikuwa wakinunua nyumba nzima nzima na kuzigeuza za wageni, hata wapangaji wakakosa pa kuweka ubavu. Ikaamuliwa kwamba leseni atapewa yule tu anayeishi ndani ya nyumba anayoikodisha.

"Hii wamekuandikia wewe, Mama Shuka," fundi cherehani alimwambia. "Leo mnyonge kakumbukwa, tena bila kupanga foleni!"

Mama Shuka akacheka, akaenda kusugua sakafu kwa ajili ya mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa msichana mpole. Alifungua makabati, yakawa matupu. Ukutani hapakuwa na picha. Bafuni hapakuwa hata na mswaki.

"Mama, nguo zako ziko wapi?"

Mama Shuka akamwonyesha furushi, nyuma ya gunia la mkaa.

"Mtu anayeishi kwake hafungi furushi, mama. Hivi ndivyo wanavyofanya wale wanaowekwa na matajiri wajidai wenye nyumba."

"Nani, huyu?" fundi akapaza sauti toka ng'ambo. "Huyu anayeniamsha kila alfajiri na mashuka yake? Hata ukichimba msingi utamkuta!"

"Baba, mimi naandika ninachokiona."

Hata hivyo aliahidi kurudi wiki inayofuata, mara ya mwisho.

Siku ya pili ya ukaguzi binti wa Mama Shuka alifika mapema. Alitundika picha ya harusi, akaning'iniza gauni nyuma ya mlango, akatupa kandambili chini ya kitanda na miwani juu ya mto.

"Usiguse kitu, mama. Nakuomba. Kaa tu kama mtu aliye kwake."

"Kwani mimi mtoto? Nimesikia."

Binti akatoka kununua maziwa. Hakupita muda, hodi ikapigwa.

Mama Shuka aliinuka aende mlangoni. Mikono ikamtangulia. Ikanyoosha shuka, ikaokota miwani, ikashusha gauni, ikabandua picha. Hodi ya pili ikaiongezea kasi. Alipofungua mlango, furushi lilikuwa kwapani, na usoni lile tabasamu la hotelini.

"Karibu," alisema. "Chumba kiko tayari."

Mkaguzi alitazama kitanda kilichonyooka kama karatasi, akatazama furushi. Binti naye akatokea na maziwa yake, akasimama nyuma ya mkaguzi. Ndipo Mama Shuka alipotambua alichokifanya. Akajaribu kulifungua lile furushi palepale kizingitini, fundo likakataa.

"Basi, mama," mkaguzi akasema taratibu. "Acha tu. Pole."

Leseni haikutoka, wageni wakakoma, na paa likaanza kuvuja bila wa kuliziba. Nyumba ikauzwa. Aliyeinunua anazo nyingine mtaani humo.

Mama Shuka sasa yuko kwa bintiye, upande wa pili wa mji. Analala sebuleni, kwenye kochi, na wajukuu wakiamka hukuta mito imeshapangwa.