Pima Maji ya Balwinder

Balwinder Singh alizaliwa Kisumu, akaja London angali kijana, na kwa karibu miaka arobaini akafanya kazi katika kiwanda kimoja cha masufuria huko Tottenham. Ukimuuliza habari za kiwanda hicho, jiandae kukaa. Atakutajia kila mashine, iliyokuwa kaidi na iliyokuwa na adabu. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakupata kulisema, hata kwa mkewe.

Kiwanda kilishafungwa, na sasa mahali hapo palitakiwa kujengwa maghorofa. Kabla tingatinga halijaingia, ilibidi ijulikane kama chini ya sakafu kuna mabaki ya kale yenye thamani. Kazi hiyo alipewa Jedidah, mwanaakiolojia kutoka Eldoret, dada wa buti zenye tope na sauti ya upole. Alisoma ramani za zamani na makaratasi ya kiwanda, kisha akawaalika wafanyakazi wa enzi hizo kunywa chai katika ukumbi wa kanisa. Aliposikia Kiswahili cha Balwinder alicheka kwa furaha, akamsogezea kiti.

"Hapa palikuwa na tanuri la kuchomea vigae, Mzee, miaka mia mbili iliyopita," alisema, kidole juu ya ramani. "Lakini lilivunjwa lote. Mwaka wa sabini na tisa wakaweka ile mashine kubwa ya kukandamiza mabati juu yake. Fomu ya msingi wake inasema walichimba mita mbili. So hapo hatuchimbi, naandika hakuna kitu."

Balwinder aliitazama fomu. Sahihi ilikuwa yake.

Chai ikampoa mkononi. Mzee huyu hakuwa na makuu. Alichokuwa nacho ni jina la fundi asiyebabaisha, na barua ya shukrani ya kiwanda aliyoitia fremu sebuleni. Akisema, jina linakwenda. Akinyamaza, tingatinga linapita. Vikombe vilioshwa, Jedidah akaanza kukunja ramani.

"Binti, ngoja," alisema. "Hatukuchimba mita mbili. Nusu mita tu. Mimi nilidanganya."

Akamweleza. Walipofika nusu mita walikuta tao la matofali, paa la lile tanuri, limepangwa kwa mkono wa mtu aliyeipenda kazi yake. Baba yake Balwinder alikuwa mwashi Kisumu. Alimfundisha kujenga tao akiwa mtoto, na alimzaba kofi siku alipobomoa la mwenzake. Kwa hiyo mkono ulikataa. Akalifunika tao kwa mchanga, akamwaga zege lenye nondo tele, akatia sahihi kwamba wamechimba mita mbili.

"Aki Mzee! Na mashine haikuzama?"

"Si hiyo ndiyo ilikuwa inanikosesha raha! Miaka thelathini, kila asubuhi kabla watu hawajafika, mimi naweka pima maji pale chini, nione kama sakafu imeinama. Wenzangu walisema Singh anaiombea mashine."

Jedidah alicheka mpaka akafuta machozi. Balwinder hakucheka.

"Utaandika kwamba nilidanganya?"

"Nitaandika fomu haikuwa ya kweli, Mzee. Hiyo siwezi kuficha."

"Basi andika," alisema.

Wiki tatu baadaye aliitwa kiwandani. Alikuja amevaa suti na kilemba cha buluu, na kwapani amebana pima maji ile ile ya zamani. Kabla zege halijakatwa aliomba nafasi, akapiga magoti, akaiweka sakafuni. Kiputo cha hewa ndani yake kilitulia katikati kabisa.

Kisha zege likaondolewa, mchanga ukafagiliwa kwa brashi, na tao likatokea zima, halikupungua hata tofali moja. Vijana wa Jedidah walipiga makofi. Mzee aliligusa akalia waziwazi, wala hakujali.

Jedidah akamletea karatasi mpya. Mbele ya neno "kina" palikuwa pameandikwa nusu mita, na chini yake: tao lilinusurika kwa uamuzi wa fundi.

"Tia sahihi tena, Mzee wangu," alisema. "Safari hii ni ya kweli."

Balwinder alifuta vidole kwenye suti yake nzuri, akachukua kalamu, akaandika jina lake lote, na la baba yake.