Leso Ndani ya Jaketi

Watu huniuliza kama mume wangu pia anaogelea. Haogelei. Ukimwacha kwenye karai atazama, na mwenyewe anakubali. Kazi yake kwenye mashindano ni kupiga kafi kando yangu, na hiyo kazi sijawahi kumpa mtu mwingine.

Nilianza kuogelea nikiwa tayari mama wa watoto wa sekondari, baada ya daktari kuniambia mgongo wangu unataka maji. Nilijifunza kwenye kidimbwi cha hoteli hapa Nakuru. Mwalimu alikuwa anatembea ukingoni upande wangu wa kulia akinipigia kelele, na tukigeuka anazunguka mbio ng'ambo ili nimwone tena. Nikazoea hivyo. Mpaka leo navuta pumzi upande wa kulia tu, na nikijaribu kushoto nakunywa maji.

Kwa hiyo nilipoingia mashindano ya mabwawani, mahali hakuna ukuta wala mstari wa kufuata, nilihitaji mtu upande wa kulia. Ndipo mume wangu akanunua kayaki ya plastiki, ya rangi ya machungwa, kuukuu, imekwaruzika tumbo lote. Tumeizungusha kila mahali ikiwa imefungwa juu ya gari. Mikono ikichoka kabisa nageuza uso, na yupo: kofia nyeupe, macho kwangu. Hasemi mengi. "Nyoosha mkono, mathe." Basi.

Halafu kuna leso, khanga ya kujitanda. Kila asubuhi ya mashindano anachukua leso yangu ya bluu, anaikunja, anaiweka kifuani ndani ya jaketi lake la kuelea. Nikitoka majini natetemeka ananifunika nayo, ina joto la mwili wake. Sikumwomba, na niliamini hakuna aliyemfundisha. Wanawake wengine walikuwa wanapokewa na taulo, nami nilikuwa nawaonea huruma kidogo.

Akaja wifi.

Ndoa yake ilikuwa imevunjika. Ni kitinda mimba wa kwao, na hakutaka kurudi Subukia kwa mama yao kuulizwa maswali na majirani, kwa hivyo kaka yake akamwambia njoo. Chumba cha wageni kikawa chake. Sikuwa na neno, maana mtu ameumia, utamfungia mlango? Jumamosi moja nikamwambia twende kuogelea, usikae ndani na mawazo. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Aliingia majini bila mtindo wowote, kichwa juu, miguu ikirusha maji hadi kwenye viti vya wageni wa hoteli. Baada ya miezi michache alikuwa ananipita. Mikono mirefu, pumzi kulia, pumzi kushoto, popote anapotaka. Mwalimu akasema huyu ana kipaji. Mimi aliwahi kuniambia nina bidii.

Tukapata habari ya mashindano kwenye bwawa la shamba moja la ngano, juu kule Ndabibi, karibu na Naivasha. Watu wa mbali hudhani tunaogelea Ziwa Naivasha lenyewe. Lile lina viboko, nani amechoka kuishi? Sisi tunaomba mabwawa ya wenye mashamba, ambayo yana baridi ya kung'ata lakini hayana kitu kingine cha kukung'ata.

"Bro, utanisindikiza?" wifi akauliza tukiwa mezani. "Ni mara yangu ya kwanza. Naogopa kuwa peke yangu huko katikati."

Mume wangu akaniangalia. "Wewe si umeshazoea? Ni hii moja tu."

"Sawa tu," nikasema.

Mtu aliyeishi nami miaka yote hiyo anajua "sawa tu" yangu ina maana gani. Aliamua kutojua. Roho iliniuma wiki nzima. Nikipakua wali, ukoko wote ulienda kwenye sahani yake, naye alikula akashukuru, jambo lililonikasirisha zaidi.

Jumapili kabla ya mashindano tulienda Subukia kumwona mama mkwe. Mume wangu alibaki nje akiangalia ndama, sisi wanawake tukakaa jikoni na chai. Nilipotaja mashindano mama mkwe alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Hawa wawili walinisumbua na bwawa la ng'ombe," akasema. "Huyu msichana hakuwa anasikia. Anatoroka anaenda kuogelea, na kaka yake anakaa kando kunichungulia kama nakuja. Yeye hata kidole haingizi majini, kazi yake ni kushika nguo za dada. Anaziweka ndani ya sweta lake zipate joto, ili mtoto akitoka asishikwe na homa, nami nikajua."

Wifi alitabasamu akiangalia chai yake. Mimi niliangalia ukuta.

Wivu wa mwanamke wa nje ningejua pa kuuanzia. Ningeuliza, ningefura, ningeita mashemeji kikao. Lakini huyu ni dada yake, alikuwa hapo kabla sijajua Subukia iko upande gani. Kile nilichodhani amekibuni kwa ajili yangu alikuja nacho kutoka kwao, kimeshatumika.

Siku ya mashindano, kabla mume wangu hajashusha kayaki majini, nilichukua ile leso ya bluu nikamwekea mkononi. Sikumwambia ni ya kumfunika nani. Aliikunja, akaitia ndani ya jaketi, akafunga zipu. Nikasema moyoni, leo nitajua.

Tulikuwa tuzunguke maboya mara mbili. Tulipoanza tu nikapotea. Kila nikigeuka kulia naona maji na ngano za watu, hakuna kofia, na mwili wangu ulikuwa unavutwa huko huko kulia kumtafuta. Nilizinduka niko kwenye matete, kijana wa usalama ananipigia filimbi. Nikainua kichwa. Mbali kule kayaki ilikuwa inaenda taratibu, na wifi upande wake wa kulia.

Moto ulinipanda. Niliogelea moja kwa moja hadi kwenye ile kayaki, nikajipanga upande wake wa kushoto. Sasa yeye alikuwa katikati, dada huku na mimi huku. Nikageuza uso kuvuta pumzi, nikaona kisogo chake. Nikapiga mikono, nikageuka tena. Kisogo. Alikuwa amemwinamia yule mwingine, na nikamsikia vizuri kabisa: "Nyoosha mkono."

Nilipiga maji siku hiyo kwa hasira tupu. Niliwaacha. Wifi mwenye kipaji alikuwa amechoka, baridi imemwingia, na mimi mwenye bidii nikamaliza mzunguko wa pili bila mtu wa kuniangalia, boya hadi boya, kichwa kikiinuka kila mara kutafuta njia. Nilitoka nikiwa siwezi hata kufunga taya. Mama mmoja akaniletea taulo. Nikamwambia asante, nangoja yangu.

Nikangoja. Midomo ilikuwa imekufa ganzi na nilikataa kukaa.

Walipofika, mume wangu aliruka kwenye tope akamshika dada yake mkono, akamvuta juu. Wifi alisimama akitetemeka, macho ameyafumba kwa sababu ya maji. Nikasikia zipu ya jaketi. Naye pia aliisikia, kwa sababu alinyoosha mkono papo hapo, bila kufumbua macho, kiganja juu, kama mtoto anayejua atapewa.

"Taulo yako iko kwa gari, nakuletea," mume wangu akamwambia. Akampita, akapanda ule ukingo hadi niliposimama, akaniwekea leso mabegani. "Ulinipita, mathe," akasema, kisha akaenda garini.

Wifi alifumbua macho. Mkono wake ulikuwa bado uko hewani. Aliiangalia leso, akaniangalia mimi, na hiyo sura niliijua, maana nilikuwa nimetembea nayo wiki nzima.

"Alikuwa ananiwekea mimi," akasema polepole.

"Najua," nikamjibu.

Leso ilikuwa bado ina joto, na kwa upana wake ingetutosha sote wawili. Nikaizungusha mara mbili, nikafunga fundo.